Padri Aliyekula Mara Mbili Ijumaa

Emmot Crake hakuwa mtu wa kumwamini mtu, na sisi wa bonde lile tulishamzoea. Ukimpelekea mayai, anayatumbukiza majini mbele ya macho yako aone kama yameoza, ndipo aseme ahsante. Ukikutana naye njiani anakuitikia salamu vizuri tu, kisha anageuka kutazama unaelekea wapi. Mashemeji zake walimtania kwamba hata siku ya harusi alimuuliza Gilbert mara mbili kama ni yeye kweli. Alikuwa akicheka nao, lakini tabia hakuiacha.

Usidhani alizaliwa hivyo. Miaka ile Malkia alipoitenga Uingereza na Roma, kwetu milimani Lancashire, kushika dini ya zamani ya Kikatoliki kulikuwa ni kutembea na roho mkononi. Padri akikamatwa ananyongwa, na aliyempa kitanda na mkate ananyongwa vilevile. Hilo tungeliweza. Lililotumaliza ni wale mapadri wa bandia. Mmoja alifika kwa akina Holden ng'ambo ya mto, mnyenyekevu kweli, akasoma misa, akaungamisha nyumba nzima, akalia nao machozi. Wiki iliyofuata alirudi na askari, akawanyooshea kidole mmoja mmoja. Mama Holden alifia gerezani, na yeye na Emmot walikuwa wakisokota sufu pamoja tangu usichana. Baada ya msiba ule Emmot alifunga moyo wake kama mtu anavyofunga ghala.

Mumewe Gilbert alikuwa mtu wa aina nyingine kabisa. Mfumaji, mpole, maneno machache, mtambo wake wa kufumia ukilia kutwa nzima pale dirishani. Yeye alimwamini kila mtu. Ungemwambia kondoo wako wanajua kuhesabu, angekuuliza wamefundishwa na nani. Na huyu mpole ndiye aliyebeba mzigo wa nyumba ile, kwa sababu kila Jumapili alivaa koti lake zuri akashuka kwenda kanisa la Malkia.

Ndivyo zilivyofanya nyumba nyingi kwetu. Mume anakwenda kuonekana, anakaa kwenye benchi, anasikiliza mahubiri ya kuwatukana wazee wake, ili mkewe aachwe nyumbani na rozari yake na serikali isibishe hodi. Emmot hakuwahi kukanyaga pale. Mikono yake ilibaki safi kwa kuwa Gilbert alichafua yake. Mzee wetu Padri Sowerby, aliyepewa upadri zamani kabla mambo hayajageuka, hakumficha. Alimwambia waziwazi kwamba kwa kwenda kule amejitenga na Kanisa, na hawezi kumpa komunyo mpaka aache na kuungama. Gilbert alijibu kwamba anajua, lakini katika nyumba lazima mmoja aonekane. Ataungama akizeeka, alisema, askari wakishamsahau.

Padri Sowerby akafa kwa homa ndani ya pango alimokuwa amejificha, na baada yake hatukuona padri mwingine. Kisha kifua cha Gilbert, baada ya miaka yote ile ya kuvuta vumbi la sufu, kikaanza kukataa. Mtambo ulinyamaza. Emmot akamtandikia darini, kwenye joto, karibu na marobota ya sufu, na huko juu mume yule akaingiwa na hofu ambayo mkewe hakuwahi kuiona kwake.

"Nikifa hivi nimekwisha, Emmot," alimwambia. "Wewe utakwenda kwako, mimi sitakwenda nawe."

Emmot alimshika miguu, akaikuta baridi, akaisugua. Alimwahidi kwamba atamletea padri wa kweli, amwondolee dhambi na kumpaka mafuta, na hatamwacha afe kabla ya hapo. Aliisema ahadi ile kwa ukali.

Akamtafuta Cuthbert, mtoto wa kaka yake, aliyezunguka vijijini akiuza sindano na nyuzi. Watu walijua, bila kusema, kwamba huyo kijana mkubwa mwenye mdomo mwingi ndiye anayewavusha mapadri kutoka nyumba hadi nyumba. Cuthbert akasema yupo mmoja, mgeni, ameshuka melini mwaka huohuo. Atamleta mwenyewe, kwa mkono wake, kondoo wakishakatwa manyoya.

Kondoo wakakatwa. Cuthbert hakutokea. Badala yake, Ijumaa moja jua likiwa bado juu ya kilima, akaja mwanamume peke yake amevaa kama mnunuzi wa ng'ombe, viatu vimejaa tope, akagonga.

Emmot alifungua ufa wa mlango, akamtazama kuanzia kofia hadi soli. Mnunuzi wa ng'ombe gani huyu, mikono laini hivi? Na lafudhi yake ilikuwa ya kusini, tena imechanganyika na ya ng'ambo. Mtu akasema ametumwa na Cuthbert.

"Cuthbert gani?"

"Muuza sindano. Anafuatwa, mama. Ameniambia nitangulie peke yangu, kwamba hapa kuna mgonjwa."

Jibu zuri. Zuri mno, alijiambia Emmot. Mwongo yeyote angesema hivyohivyo: mwenyeji wangu amepata dharura, basi niaminini. Lakini kumwacha mlangoni aonekane na kila mpita njia kulikuwa hatari zaidi, kwa hiyo akamwingiza shingo upande. Wala hakumwita padri. Alimwita bwana.

Kwanza akapanda ngazi ya darini kumtahadharisha mumewe. Gilbert alikuwa amekwisha inuka kwa kiwiko, macho yanang'aa. Aliuliza kama ni padri. Emmot akanong'ona kwamba mtu anasema hivyo.

"Basi mlete."

"Ngoja kwanza nimjue. Wewe nyamaza tu."

Alishuka akiwa na mpango kichwani. Akamuuliza mgeni, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama njiani alipata chochote cha mchana. Mgeni akashukuru, akasema alipata samaki mzuri kwenye nyumba ya wageni. Hapo Emmot akaweka mezani mkate wa shayiri na jibini, akarudi nyuma hatua moja, akafunga mikono kifuani.

Mgeni akabariki chakula. Akala. Akala kwa hamu, akakusanya hata makombo, na damu ya Emmot ikasisimka.

Kwa sababu kwetu, wewe, Ijumaa ni siku ya kufunga, na kufunga ni kula mara moja. Basi. Si nyama tu inayoachwa. Chakula cha jioni hakipo. Padri Sowerby aliwahi kuzirai kwenye theluji Ijumaa, tukamweka karibu na moto, na mkate akaukataa mpaka Jumamosi ilipoingia. Watoto wa bondeni walijua hilo kabla ya kujua kufunga viatu. Na huyu anayejiita padri ameshiba samaki mchana, sasa anafuta jibini mdomoni na kuuliza kama kuna maziwa kidogo.

Darini Gilbert akakohoa. Kikohozi chake kilikuwa kirefu, cha kukwangua, hakikuweza kufichwa. Mgeni akainua macho juu. Emmot akasema ni mbao za zamani, upepo ukivuma zinalia. Nje hakukuwa na upepo hata wa kutikisa jani, na wote wawili walijua. Mgeni alimtazama kwa muda, kisha akainamisha kichwa kwenye kikombe chake bila kubisha, na ule upole wake ukazidi kumtia Emmot wasiwasi. Yule wa kwa akina Holden naye alikuwa mpole.

Bado hakutaka kumdhulumu mtu. Hilo lazima nimpe haki yake. Mwanamke alikuwa na mume anayekufa juu ya kichwa chake, na hapa chini labda amekaa mtu pekee anayeweza kumwokoa. Angetamani kwa moyo wote awe wa kweli. Kwa hiyo akampa nafasi nyingine. Alimwomba asome misa alfajiri, kwenye banda la nyasi. Misa ingemwonyesha.

Kulipopambazuka mgeni akatoa kwenye mzigo wake kikombe kidogo cha bati, kitambaa cheupe na kitabu. Emmot akapiga magoti nyuma yake kwenye majani makavu. Hakusali. Tangu ubatizo wake hakuwahi kuhudhuria misa bila kusali, lakini asubuhi ile alikaa kama mtu anayemvizia mwizi sokoni, akifuata kwa macho mikono ile miwili.

Kuna mahali alipokuwa akipangoja. Padri Sowerby, akishainua hostia, ule mkate wa misa, na kikombe, alikuwa akinyoosha mikono yote miwili kabisa, kulia na kushoto, kama Bwana msalabani, akisimama hivyo akisali. Ndipo wanawake walipolia. Ndipo wazee wasiojua neno la Kilatini walipojua wamefika wapi. Emmot aliona hivyo tangu akiwa mgongoni mwa mama yake, na kwake misa bila mikono ile haikuwa misa.

Mgeni akainua hostia. Akainua kikombe. Akakirudisha, akapiga goti, akaendelea kusoma, mikono ameiinua kidogo tu mbele ya mabega, kama mtu aliyeshika sanduku jepesi. Emmot akangoja. Mgeni akafungua ukurasa uliofuata.

Basi. Kumbe wamemtuma, na hata kumfundisha vizuri hawakumfundisha! Alimwonea uchungu Gilbert, akamwonea hasira mtu huyu anayecheza na Mwili wa Bwana, na wakati wa komunyo alipoitwa akasema tumbo linamsumbua. Mgeni akapokea komunyo peke yake, akafunga vitu vyake pole pole. Kisha akamgeukia Emmot, aliyekuwa bado amepiga magoti kwenye majani.

"Mama, naona huniamini, na sikulaumu," alisema. "Lakini kama humu ndani kuna mtu anayenihitaji, nipeleke sasa hivi. Sitauliza jina lake. Nikishatoka hapa sijui kama nitarudi."

"Hakuna mtu, bwana. Mume wangu yuko sokoni."

Alilisema hilo macho makavu. Mgeni akaitikia kwa kichwa, akauliza njia ya kwenda kwa akina Pilling, walio nyuma ya kilima.

Njia zilikuwa mbili. Moja ya juu, ya matope na mawe, ambayo hakuna anayeipita ila kondoo na watu wenye sababu. Nyingine ya chini, ya darajani, nzuri, pana, na askari wa wilaya walikuwa wamewekwa pale tangu sikukuu, wakipekua kila mgeni. Emmot alilijua hilo kama alivyojua jina lake. Akasimama mlangoni akafikiri, na hivi ndivyo alivyofikiri: kama ni mtu wao, wale askari ni wenzake, watasalimiana na kumpitisha, nami nitakuwa nimehakikisha. Na kama si mtu wao... Hapo aliacha. Hakulimalizia wazo lile.

"Pita darajani, bwana. Ni karibu."

Akamwacha atangulie, kisha akapanda haraka hadi zizi la kondoo, mahali ambapo daraja linaonekana lote. Aliona askari wakisimama. Aliona mzigo ukifunguliwa na kikombe cha bati kikiinuliwa juu. Wakamsukuma mtu wao ukutani, wakamfunga mikono nyuma, mmoja akampiga kofi lililomdondosha kofia.

Unadhani alishtuka? Alisema, "Maigizo." Alisema kwa sauti, pale kwenye kondoo. Walijua kuna anayetazama, wakaamua kumchezea mchezo, ili kesho aje mwingine na kusema mwenzangu alikamatwa, nionee huruma. Mtu akishaanza kushuku kila kitu kinamthibitishia, na Emmot alirudi nyumbani akiwa na hakika zaidi ya alivyotoka.

Alimwambia Gilbert yote, isipokuwa la daraja. Alimwambia habari ya jibini na habari ya mikono. Gilbert alisikiliza akiwa amelala chali, macho kwenye paa.

"Labda alikuwa na njaa," akasema.

"Hata Padri Sowerby alikuwa na njaa."

"Nilisikia sauti yake jana. Nilidhani..." Baadaye alimshika mkewe mkono, akasema kwamba yeye ndiye anayejua mambo haya, bila shaka amefanya sawa.

Kiangazi kikasonga. Habari zikaja kwamba mtu wa darajani amepelekwa ngome ya Lancaster. Emmot akasema wanamweka huko asikilize wafungwa wanaongea nini. Habari zikaja kwamba ameshtakiwa kuwa padri, naye amekiri. Emmot akasema kukiri ni rahisi kwa anayejua atafunguliwa mlango wa nyuma. Majirani walianza kumtazama kwa jicho la pembe, wala si kwamba walimshuku kwa lolote, ila ile namna yake ya kucheka peke yake akisema hayo iliwatisha. Darini Gilbert alikuwa amebaki macho na mifupa. Hakulalamika. Kila mlango ulipogongwa aliuliza nani.

Siku moja Emmot alikuwa kijitoni akifua sufu, akaja shemeji yake Agnes, mke wa mdogo wake Gilbert, aliyekuwa ametoka Lancaster kumtembelea binti yake. Agnes alikaa juu ya jiwe, akavua viatu, akasema wamemnyonga yule padri.

Emmot hakuacha kufua. Akauliza kama alimwona kwa macho yake mwenyewe au amesikia kwa watu.

"Nilimwona, Emmot. Nilikuwa karibu kuliko ulivyo wewe na ng'ambo ya kijito. Nisiulize zaidi, maana usingizi sipati."

Sufu ikamponyoka Emmot, ikachukuliwa na maji, naye akabaki ameinama, mikono ndani ya kijito. Serikali humfunga mtu wake kwa maigizo. Humpiga kofi kwa maigizo. Humweka hata kizimbani. Lakini hakuna anayenyongwa kwa maigizo.

Cuthbert alikuja siku chache baadaye, jioni mapema, amekonda, ndevu zimemjaa. Alikuwa amejificha kwenye machimbo ya mawe majira yote ya joto. Emmot hakumpa hata nafasi ya kukaa. Alimuuliza yule padri alikuwa padri gani anayekula Ijumaa mara mbili na kusoma misa mikono imekunjwa.

Cuthbert alimtazama kana kwamba hajaelewa lugha. Kisha akaelewa, na rangi ikamtoka usoni.

"Shangazi, wote wa ng'ambo wako hivyo. Vitabu vilibadilishwa Roma zamani, hawanyooshi tena mikono. Na huko Ijumaa wanaacha nyama tu, jioni wanakula. Padri Sowerby alikuwa wa kizamani. Wamebaki wachache mno wanaosoma kama yeye."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuwa nije naye mimi mwenyewe! Ningekwambia hapa hapa mezani." Alikaa, akafunika uso. "Walimwahidi kumwachia akitaja nyumba aliyolala usiku ule kabla ya daraja. Nyumba moja tu. Alikataa mpaka mwisho."

Emmot alishika ukingo wa meza ileile. Aliona aibu iliyomchoma mwili mzima, aibu ya kutaka ardhi ipasuke, na nyuma ya aibu kukaja hofu, kwa sababu ahadi yake ilikuwa bado ipo juu ya ngazi, inakohoa. Akauliza kama kuna mwingine. Yeyote, wa kizamani au wa kisasa, anayekula hata nyama Ijumaa akitaka.

Hakuna, alisema Cuthbert. Waliobaki wamekimbilia kusini. Labda mmoja atapanda tena baada ya baridi kuisha. Na wote wawili walijua Gilbert hataiona hata baridi kuanza.

Kutoka darini ikaja sauti nyembamba.

"Emmot? Huyo si Cuthbert? Amemleta?"

Alipanda. Kila kidato alikuwa akijiambia kwamba atamwambia kweli: nilimfukuza, Gilbert, nilimtuma darajani, na hukumu yako sasa iko juu yangu. Ni mwanamke aliyechukia uongo kuliko ugonjwa. Alifika juu, akamkuta amejiinua, ameshika ukingo wa blanketi kwa mikono miwili, anatetemeka kwa furaha.

"Yuko njiani," Emmot akasema.

Gilbert akashusha pumzi. Hakuuliza amejuaje, wala huyu amempima vipi. Katika ndoa yao yote hakuwahi kulitilia shaka neno la mkewe. Aliomba tu anawishwe uso na avalishwe shati safi, asimkute padri amechafuka. Emmot akamnawisha, akamvalisha. Kisha akamsaidia kulala kwa ubavu, kwa kuwa alitaka kuelekea ngazini, na Gilbert akakaa hivyo akingoja mpaka Jumapili asubuhi alipokufa.